Waliogombea Viganja Vyetu

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu yangu ilikata roho ikiwa juu ya meza, betri imejaa, kioo kizima, haijaanguka wala kuingia maji. Asubuhi nilipobonyeza namba ya mwanangu aliyeko Mwanza sikusikia mlio wowote. Nikatoa laini, nikaifuta, nikairudisha. Kimya. Nilipotoka barabarani niligundua kwamba msiba ule haukuwa wangu peke yangu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akiigeuzageuza ya kwake kama mtu aliyeokota kitu asichokijua, na mama mmoja muuza dagaa akaniuliza, "Mwalimu, na wewe wamekufungia?"

Walikuwa wametufungia kweli, na kwa haki. Tangu Desemba 2015 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba simu zote bandia zitaondolewa mitandaoni baada ya miezi sita. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# inajitokeza, na ukiituma kwenda 15090 unajibiwa kama simu yako ni halali au la. Mimi sikutuma. Nilikuwa nimeinunua mjini Musoma, katika duka lenye makabati ya vioo, nikapewa na risiti, na mwenye duka akaapa kwamba kitu ni orijino. Mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi hupenda kuamini kwamba hatapeliwi kirahisi.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu pale Nyasho, kijana niliyemfundisha hesabu darasa la tano. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaifungua kwa bisibisi ndogo, akabandua kifuniko cha bati, akanipa lenzi yake. Mgongoni simu ilikuwa na jina la kampuni kubwa ya Ulaya. Ndani, juu ya kipande cheusi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mliandikwa jina jingine kabisa.

"Hii ni MTK, Mwalimu," akasema. "Chipu yenyewe siyo feki. Imetoka kiwandani halali kabisa. Feki ni jina, na hiyo namba wameinakili kutoka simu nyingine."

Halafu akashusha sauti akaniambia kwamba kwa shilingi elfu tano anaweza kuiandika namba upya kwa boksi lake, na simu ikafufuka kabla sijamaliza soda.

Nitarudi kwenye elfu tano hiyo. Kwanza nataka kusimulia kile nilichokuja kukijua baadaye kuhusu kile kipande cheusi, maana maneno ya kijana yule hayakunitoka kichwani. Mafundi hawa hawazigawi simu kwa majina ya mgongoni kama sisi wanunuzi. Wanazigawa kwa ubongo: hii MTK, hii SPD, hii Qualcomm, kwa sababu kila ubongo una programu yake ya kuuflashi. Nyuma ya herufi hizo kuna vita vilivyopiganwa kwa miaka thelathini na zaidi, na tuzo iliyogombewa ilikuwa viganja vyetu.

Simu za mkononi zilituingilia mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, na kwa muda mrefu watu waliita kila simu ya mkononi "mobitel", hata ikiwa ya kampuni nyingine. Zilikuwa za wakubwa. Vodacom ilipoanza mwaka 2000 na wengine kufuata, zikaanza kuteremka mpaka kwa watu wa mishahara kama yetu. Wengi wetu simu ya kwanza ilikuwa Nokia, na hasa ile 1100 ya mwaka 2003 yenye tochi kichwani, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Tulidhani Nokia ni Nokia, kutoka kava hadi moyoni. Kumbe kwa miaka ile Nokia ya Finland ilitegemea zaidi chipu za Texas Instruments ya Marekani, kampuni ileile ambayo mwaka 1958 mhandisi wake Jack Kilby alionyesha chipu yake ya kwanza. Na Texas Instruments nao hawakubuni kila kilichokuwa ndani. Kuanzia Nokia 6110 ya mwaka 1997 sehemu ya kufikiri ilitokana na mchoro wa Waingereza wa Cambridge, uitwao ARM.

Habari ya ARM ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na kama ningekuwa bado darasani ningeifundisha. Kampuni ndogo ya Acorn ilikuwa ikitengeneza kompyuta za shule. Wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, wakaamua kubuni prosesa yao wenyewe, bila fedha na bila jeshi la wasaidizi. Chipu ya kwanza iliwafikia tarehe 26 Aprili 1985, ikiwa na transista kama 25,000 tu. Chipu za simu za leo zina mabilioni. Kwa kuwa Acorn hawakuweza kumudu kasha la kauri, chipu ilipaswa kuwekwa katika kasha la plastiki, na plastiki haistahimili joto kali. Basi ikabidi isanifiwe ile umeme kidogo. Furber amesimulia kwamba siku ya kuijaribu, mita ya umeme ilionyesha sifuri ilhali chipu inafanya kazi. Waliposaka sababu wakakuta waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa kabisa! Ilikuwa ikiishi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka vifaa vya jirani.

Upungufu wa fedha wa watu wa Cambridge ukaja kutufaa sisi tuliokuwa na upungufu wa umeme. Msomaji aliyekulia mjini labda hataona uzito wa jambo hili. Kabla nguzo za umeme hazijatufikia, tulipeleka simu mjini kuchajishwa kwa shilingi mia mbili au tatu. Unaiacha dukani ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina lako, unakwenda sokoni, unarudi jioni na kukuta foleni. Simu iliyokaa na chaji juma zima ilikuwa na thamani kuliko simu yenye picha. Wavuvi wa dagaa waliotoka mwaloni usiku na karabai zao walihitaji simu itakayokuwa hai alfajiri, wapate kuuliza bei ya Musoma na ya Mwaloni Kirumba kule Mwanza kabla hawajaamua pa kuupeleka mzigo. Hakuna mwanafunzi wa biashara aliyekuja Kigera kutuuliza tunataka chipu ya namna gani. Lakini tulijibu kwa kununua, na wenzetu wa India, China na Nigeria walijibu vivyo hivyo.

Mwaka 1990 Acorn, Apple na kampuni ya VLSI waliunda kampuni ya pamoja ya kuusimamia mchoro ule. Nao wakafanya jambo la ajabu: hawakujenga kiwanda. Waliuza leseni. Yeyote mwenye fedha angeweza kuchukua mchoro, akaongeza vya kwake, akatengeneza chipu. Ni kama Taasisi yetu ya Elimu ilivyokuwa zamani ikitunga muhtasari na kuwaachia wengine waandike na kuchapa vitabu. Texas Instruments wakachukua, Qualcomm wakachukua, Wataiwan na Wachina wakachukua. Hivyo mahasimu wakubwa waligombana wakizungumza lugha moja, na programu iliyoandikwa kwa mmoja haikuwa mgeni kabisa kwa mwingine.

MTK ya fundi wangu ni MediaTek ya Hsinchu, Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1997 ikitengeneza chipu za mashine za sidii na dividii. Ilipoingia katika simu miaka ya mwanzo ya 2000 haikuuza chipu tupu. Iliuza chipu pamoja na programu na mchoro wa simu nzima, kiasi kwamba karakana ndogo ya Shenzhen iliyokuwa na watu wachache na jora la plastiki ingeweza kutoa simu mpya kwa muda mfupi. Kabla ya hapo kutengeneza simu kulihitaji wahandisi wengi na miaka. Serikali ya China ilipoondoa sharti la leseni ya kutengeneza simu mwaka 2007, mlango ukabaki wazi. Wachina wenyewe waliziita simu hizo shanzhai, yaani ngome ya mlimani, kwa maana ya mahali pa kujificha majambazi walioikimbia serikali. Sisi tuliziita "mchina". SPD ni Spreadtrum ya Shanghai, iliyoanza 2001 na sasa inaitwa Unisoc. Wao walishindana na MediaTek kwa kushusha bei chini zaidi.

Nakiri kwamba nilizidharau simu za mchina. Zilipiga kelele kama spika ya mkutano wa hadhara na zilikuwa na taa kila upande. Lakini zilitusikia. Wakati ule kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo kila mtu alikuwa na laini mbili au tatu, akizitoa na kuziingiza kwa ncha ya kisu mpaka vibati vinakwisha. Nokia haikuona haja ya simu ya laini mbili mpaka mwaka 2010. Wachina walikuwa nayo kitambo. Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa 2006 na kuja Afrika na jina la Tecno, ilishika soko letu kwa mambo ya namna hiyo: laini mbili, betri kubwa, na baadaye kamera inayoona vizuri nyuso nyeusi. Yote hayo yalijengwa juu ya chipu za bei nafuu, hasa za MediaTek na Spreadtrum. Texas Instruments, waliokuwa ndani ya Nokia zetu, walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaachana na chipu za simu, na watu wapatao 1,700 wakapoteza kazi.

Sasa nije kwa Intel, jitu lenyewe. Januari 2013, jijini Nairobi, Intel na Safaricom walizindua simu iitwayo Yolo, wakiiuza shilingi 10,999 za Kenya. Ilikuwa simu janja ya kwanza barani Afrika yenye chipu ya Intel, Atom Z2420. Kwa nini kampuni ambayo chipu zake zilikuwa katika sehemu kubwa ya kompyuta za dunia ije kutafuta mguu wa kusimamia Nairobi? Kwa sababu ilikuwa imechelewa kwingine, na Kenya ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba watu wa kipato kidogo hununua simu janja. Mwaka 2011 Safaricom waliuza Huawei Ideos, yenye chipu ya Qualcomm, kwa takriban shilingi 8,000, nayo ikapendwa sana.

Intel haikukosa uwezo. Ilikuwa na viwanda bora kuliko vya wengi wao. Tena iliwahi kuwa na chipu zake za jamii ya ARM, ziitwazo XScale, ikaziuza kwa Marvell mwaka 2006 kwa dola milioni 600, mwaka mmoja tu kabla iPhone haijatoka. Mkuu wake Paul Otellini, alipokuwa akistaafu mwaka 2013, alieleza kwamba Apple waliwaomba chipu ya iPhone kwa bei ambayo kwa hesabu zao ingewatia hasara, wakakataa. Hesabu zilikuwa na kosa: simu zile ziliuzwa mara nyingi zaidi ya vile mtu yeyote alivyodhani. Nimesahihisha hesabu kwa miaka mingi, na najua kosa la aina hii. Mtoto anakokotoa vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, ila namba aliyoanza nayo aliinakili vibaya kutoka ubaoni.

Shida nyingine ya Yolo ilikuwa lugha. Programu nyingi za simu zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya ARM, na baadhi zilipoingia kwenye chipu ya Intel zilihitaji mkalimani ndani ya simu. Nimewaona watoto wa Kijita wakifanya hesabu kwa Kiswahili wakiwa darasa la kwanza. Jibu wanalijua, lakini linapita njia ndefu kabla ya kufika mdomoni, na wakati huo mwenzao amekwisha kunyoosha mkono. Chipu ya Intel haikuwa ya mjinga hata kidogo. Ilifika mkutanoni watu wamekwisha kuchagua lugha.

Wakajaribu kununua nafasi kwa fedha. Mwaka 2014 Intel iliwapa watengenezaji wa tableti ruzuku ili watumie chipu zake, ikafikisha tableti milioni 46, na kitengo chake cha simu na mawasiliano kikapata hasara ya dola bilioni 4.2 kwa mwaka huo mmoja. Mwishoni mwa Aprili 2016 wakaziua chipu zao za simu zilizokuwa zikisubiriwa. Haikupita miezi miwili na simu yangu ikafungwa. Simu halali ya jitu la California ilishindwa kuishi, na simu yangu bandia ilikuwa imeishi vizuri tu mpaka serikali ilipoikamata.

Hapo ndipo ninapopata ugumu. Mwaka 1974, Novemba, TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto aingie shule. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni vilevile. Mwaka huohuo tena Intel ilitoa prosesa yake ya 8080, mama wa kompyuta ndogo. Nilikuwa kijana, nikaliunga mkono katazo lile bila kujiuliza. Tulikuwa na redio za National zilizounganishwa Dar es Salaam na Philips za Arusha, na tuliona zinatosha. Silaumu sana. Nchi iliyokuwa ikihesabu madawati ilikuwa na haki ya kuogopa mashine za kuhesabia. Lakini naona kwamba kwa nusu karne tumekuwa hodari wa kuamua kipi kisiingie, na wageni wa mashindano ya kukitengeneza. Hata Kenya, waliozima simu bandia zao mapema zaidi, mwishoni mwa Septemba 2012, ndiyo kwanza mwaka 2023 wamefungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na ubongo wake unatoka ng'ambo. Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara Phones mwaka 2019, na rafiki zangu wawili walinipigia kunipongeza wakidhani ni Mara yetu. Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayojaribu utengenezaji wa chipu zenyewe, si za simu bado, na mimi mzee nawaombea.

Mashindano hayajesha. Katika robo ya tatu ya mwaka 2020 MediaTek waliwapita Qualcomm kwa idadi ya chipu za simu janja duniani, jambo ambalo wakubwa wa San Diego hawakulitarajia. Mwaka 2024 Qualcomm wakaishtaki Transsion kwa madai ya kutumia hataza zao bila kulipa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka fundi wangu na boksi lake. Kumbe hata huko juu ugomvi ni huohuo: nani amenakili, na anayenakili alipe kiasi gani.

Maana elfu tano ile niliifikiria, sitadanganya. Nilikaa kwenye benchi lake kama robo saa. Nilikuwa nimewachapa watoto kwa kunakili majibu. Kuibadili namba ya simu ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na sina ugomvi na sheria hiyo, kwa kuwa bila namba ya kweli mwizi wa simu hakamatwi. Lakini pembeni yangu alikuwa ameketi yule mama wa dagaa, naye hakuwa amemdanganya mtu yeyote. Alikuwa amelipa fedha yake yote kwa kitu kinachofanya kazi, chenye chipu ya kweli, chenye jina la uongo ambalo hakuweza hata kulisoma. Kijana akatutazama sote wawili akisubiri.

Mimi nilikataa. Nililipa elfu mbili ya kufunguliwa simu nikaondoka. Mama alibaki, na sikugeuka nyuma kutazama alichoamua.

Mwezi uliofuata nilinunua simu nyingine kwa bei karibu mara tatu, safari hii nikatuma namba 15090 nikiwa bado dukani, mwenye duka akinisubiri kwa uso wa kuudhika. Jibu likaja kwamba ni halali. Miaka miwili baadaye iliangukia ndooni, nikaipeleka Nyasho ikaushwe. Kijana akaifungua, akaangalia, akacheka, akanipa lenzi. MTK.

Ile ya zamani ninayo hadi leo. Haiwezi kumpigia mtu, lakini tochi yake ni kali kuliko ya hii mpya, na saa mbili usiku huwa naichomeka waya wa masikioni nikasikiliza taarifa ya habari.